Waliokaa Benchi la Mbele

Mwalimu wetu wa mwaka wa tatu alikuwa anakuja shuleni na uma mfukoni. Uma wa kawaida wa mezani, wa meno manne, ambao aliushika juu ya moto wa mbabula, jiko la makaa, nyumbani kwake mpaka ukawa mweusi tii, kwa sababu chuma kinachong'aa, alisema, kinamdanganya mtoto. Chaki aliisahau mara nyingi, akamtuma mmoja wetu akaombe darasa la jirani. Uma hakuusahau hata siku moja, na wasiomjua walidhani ni mlafi anayezunguka akivizia bukari, ugali wetu, majumbani mwa watu.

Jina lake nalijua, lakini silitaji. Wakati ule majina ndiyo yaliyowaponza watu; mtu akisikia jina lako tu, tayari ameshakupangia ni wapi kwenu. Kwa hiyo hapa ataitwa Mwalimu, kama tulivyomwita sisi, na kama Monika anavyomwita mpaka leo.

Monika ni mtoto wa marehemu mdogo wa baba yangu. Alilelewa kwetu, Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya mgodi. Tulilala kitanda kimoja na tulianza shule siku moja. Mimi niliona mbali. Nilisoma namba za mabehewa ya treni nikiwa bado ng'ambo ya bonde. Monika hakuona. Nyumbani hakuna aliyelijua hilo. Walijua tu kwamba mimi nina akili na yeye ana kichwa kigumu, na walilisema wakati wa kula, mbele yake, kama mtu anavyosema kwamba huyu ni mrefu na yule ni mfupi.

Sasa lazima nieleze desturi ya shule yetu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Kila baada ya mitihani tulipangwa upya kwenye mabenchi kwa kufuata pointi. Mabenchi yalikuwa marefu, watoto saba saba. Wa kwanza alikaa benchi la mbele karibu na meza ya mwalimu, wa pili pembeni yake, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho, nyuma kabisa, chini ya dirisha lililovunjika. Mzazi akija kuchukua ripoti, alichungulia kwanza mlangoni kuona mtoto wake amekaa wapi. Akimwona mbele, alinyoosha shingo. Akimwona nyuma, alianza kutafuta fimbo akiwa bado uani. Hatukuona ubaya wowote. Hata kanisani wakubwa wanakaa mbele.

Mtoto asiyeona ubao alipata pointi chache, akasogezwa benchi moja nyuma. Kutoka huko aliona kidogo zaidi, akapata chache zaidi, akasogezwa tena. Tulikuwa tunawasukuma watoto mbali na ubao hatua kwa hatua, halafu tunashangaa kwamba hawajui kusoma.

Mwalimu mwenyewe alifanya hivyo kwa miaka mingi, na fimbo juu. Hakutuficha. Alitusimulia jinsi mwaka mmoja mabati ya darasa yalivyotoboka upande wa nyuma, na mvua za Januari zikawa zinawamwagikia wale wa mabenchi ya mwisho. Akawaleta mbele, wakabanana sakafuni chini ya ubao, mpaka kampuni ilete mabati. Kampuni ilichelewa majuma matatu. Katika majuma yale matatu, watoto wanne ambao alikuwa amewapiga mwaka mzima kwa sababu hawanakili walianza kunakili.

"Nilisoma myaka ine juu ya kuwa mwalimu," alituambia, "lakini mvua njo ilinifundisha."

Mvua ndiyo iliyomfundisha: alilisema bila kucheka. Nafikiri aliwakumbuka wale wote wa kabla ya mvua ile. Siku moja alianza kutaja majina yao, akafika la tano au la sita, akaacha, akatuambia tufungue madaftari.

*

Siku ya uma ilikuwa juma la kwanza la mwaka. Mtoto alisimama na mgongo ukutani, mkono mmoja umefunika jicho. Mwalimu alienda mpaka mlingoti wa bendera, akainua uma.

"Meno inaangalia wapi?"

Mtoto alitakiwa aonyeshe kwa vidole: juu, chini, huku, kule. Akikosa, Mwalimu alisogea hatua moja na kuuliza tena. Hatua zile alizihesabu na kuziandika kwenye daftari lake. Kwangu hakusogea kabisa; alirudi nyuma mpaka karibu na choo, na bado nikasema chini. Kwa Monika alisogea, akasogea, tukaanza kucheka, akasogea tena. Alipofika karibu kiasi cha kuweza kumgusa, Monika alinyanyua vidole vinne kuelekea juu, na alikuwa sawa. Mwalimu alimkazia macho kitambo. Kisha akatugeukia sisi tuliocheka, akatupigisha magoti kwenye changarawe mpaka kengele.

Halafu kulikuwa na vipimo vya ndani. Alisogeza chaki polepole mbele ya uso wako, kushoto kwenda kulia, nawe ukaifuata kwa macho bila kugeuza kichwa. Wengine macho yao yaliruka kama panzi, na hao, alisema, ndio wanaoruka mistari wakisoma. Alikaa nyuma ya mtoto anayenakili na kuhesabu ni mara ngapi anainua kichwa kwa neno moja. Wengine waliona ubao vizuri kabisa, ila wakirudisha macho kwenye daftari walipotea, hawajui tena walikuwa wapi. Hao aliwakatia vipande vya boksi la maziwa ya unga, akatoboa kidirisha katikati, kinachofunika mistari yote isipokuwa mmoja. Kidirisha cha Monika kilikaa nyumbani kwetu mwezi mmoja, kisha mama yangu akakitumia kuwashia makaa. Hakujua ni nini. Monika alirudi kufuata mistari kwa kidole.

"Usiseme hajue," Mwalimu alimwambia kila mzazi aliyekuja kulalamika. "Sema haone."

Lilikuwa neno lake la kila siku. Tulilifanyia mzaha. Mpira ukimpita golikipa, tulipiga kelele: usiseme hajue!

*

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ulimi mkali. Akina mama waliokuja na mtoto mgongoni na mwingine mkononi aliwasimamisha juani wamalize maneno yao hapo hapo. Hakumsifu mtu, kazi nzuri aliirudisha na alama ndogo pembeni, mbaya aliisoma kwa sauti mbele ya darasa lote. Alivaa tai hata katika joto la Oktoba, tai moja, ya kahawia. Kanisani aliimba kwaya kwa sauti mbovu na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Na alikuwa na majivuno ya kwao. Babu yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya mgodi, na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko, lakini alipenda kusema, tena mbele ya baba zetu: "Kwetu mutoto anasoma. Hata ukose bukari, mutoto anasoma." Baba zetu, ambao wengi walitoka kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu huu huu, waliisikia ile "kwetu" na kuiweka moyoni. Walipokuwa wanashiba waliicheka. Njaa ilipokuja, hawakuicheka tena.

Maana njaa ilikuja. Kampuni ilianza kufa, na shule ilikuwa ya kampuni. Kwanza maziwa ya watoto yalikwisha. Kisha vitabu. Kisha chaki, tukaanza kuandika kwa vipande vya muhogo mkavu, ubaoni palipopakwa unga wa betri kuukuu na maji ya majani. Maandishi yalitoka yamefifia, mimi mwenyewe ilibidi nikaze macho. Mwalimu alikuwa anakasirika peke yake mbele ya ubao ule. Alifuta, akaandika tena kwa herufi kubwa zaidi, muhogo ukavunjika, akaokota kipande, akaandika tena.

"Hii ni kuua macho ya batoto," alisema, si kwa mtu yeyote.

*

Sasa nifike kwangu.

Mwaka wa pili nilikuwa wa kwanza darasani, na nilikaa benchi la mbele, pembeni ya meza. Mwaka wa tatu, baada ya siku ya uma, Mwalimu alifungua daftari lake akatupanga. Mbele waliitwa watoto saba waliosogelewa hatua nyingi kuliko wote. Monika alikuwa mmoja wao, na alipelekwa kwenye nafasi yangu, ile ile. Mimi nilipelekwa benchi la mwisho, chini ya dirisha lililovunjika.

Nililia njia nzima. Monika alinifuata nyuma, akiwa na furaha ambayo hakujua aifiche wapi. Siku ile alikuwa ameona kwa mara ya kwanza kwamba ubaoni kuna nukta juu ya herufi. Alitaka kuniambia. Nilimwambia anyamaze.

Baba yangu alikuwa karani katika karakana ya kampuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amengoja miaka mingi apewe meza ya mkuu wake, na meza ile ilipewa mtu wa asili ya Kasai, na tangu hapo alikuwa anakula bila kuongea. Kesho yake, watoto wakiwa bado uani, alienda shuleni na kuniburuta nimfuate.

"Mwalimu, mutoto yangu eko wa kwanza, na unamutia nyuma sawa muntu ya bure?"

"Tata, mutoto yako anaona mpaka kule. Njo maana anaikala kule."

"Na bale ba mbele?"

"Bale habaone, tata."

"Sasa shule ni ya bipofu?"

Mwalimu alitoa uma mfukoni ili aeleze. Heri angeacha. Baba alitazama ule uma mweusi, akatazama tai ya kahawia, akageuka akaondoka.

Jioni ile ile, jua likiwa bado juu, alikaa barazani akaniita. Monika alikuwa anapuliza mbabula hatua tatu kutoka tulipokuwa.

"Mbele kunaikala banani?" baba aliuliza, akitaka majina yao.

Walikuwa saba. Niliwajua wote saba, maana siku mbili zile sikuwa na kazi nyingine ila kuvitazama visogo vyao kutoka nyuma. Watatu walikuwa watoto wa watu wa asili ya Kasai. Wanne walikuwa wa kwetu, na wa nne kati ya hao wanne alikuwa pale pale, majivu usoni, akipuliza makaa.

Nilitaja watatu.

"Hawa njo ba mbele?"

"Ndiyo, tata."

Nilikuwa na miaka tisa. Watu huniambia, miaka tisa ni nini? Mimi nasema mtoto wa miaka tisa anajua kuhesabu mpaka saba. Monika aliacha kupuliza. Alisikia, maana yeye alisikia kila kitu. Mtu asiyeona hujifunza hivyo. Angeweza kusema, na mimi, tata, mimi pia niko mbele. Hakusema. Akainama tena, akaendelea kupuliza.

Waliosema ulimi hauna mfupa walisema kweli. Maneno yangu baba aliyapeleka kwenye mkutano wa mtaa. Wakati ule kulikuwa na mikutano kila upande. Redio ilisema wageni wamemaliza nchi, vijana walivaa vitambaa vyekundu kichwani, na majirani wa miaka thelathini waliitwa wadudu. Mambo mengi yalisemwa juu ya watu wa Kasai, mengine magumu kuyaelewa, ya vyeo na ya siasa. Lakini hili la Mwalimu kila mtu alilielewa mara moja, kwa sababu kila mtu katika kambi ile alijua maana ya benchi la mbele. Mahali pengine wangeuliza: na kukaa mbele kuna nini? Kwetu hakuna aliyeuliza. Katika majuma mawili hata wauza makaa walilijua: mwalimu yule anaweka watoto wa kwao mbele na wetu anawatupa nyuma.

*

Walikuja asubuhi moja, miezi kadhaa baadaye, kama vijana kumi wa vitambaa vyekundu, tukiwa katika imla. Walisimama mlangoni. Mwalimu aliwaomba amalize sentensi, na wakamwacha, sijui kwa nini; labda wawili watatu kati yao aliwahi kuwafundisha. Aliisoma sentensi mara mbili, kama alivyofanya sikuzote, ya pili polepole. Kisha akafunga kitabu.

Mkubwa wao aliingia, akanyoosha kidole kwenye benchi la mbele.

"Njo hawa ba kwabo?"

Watoto waliinamia madaftari. Alipitisha macho kwa wale saba, mmoja mmoja, na alipofika kwa wa tano alisimama. Huyo wa tano alikuwa mdogo wake wa kike, tumbo moja. Alikuwa amevaa sketi iliyokatwa kutoka suruali ya kaka huyo huyo. Walitazamana. Nilifikiri sasa atageuka awaambie wenzake kwamba ni uongo, twendeni. Nilimwomba Mungu kijana yule aseme, maana akisema yeye, sitahitaji kusema mimi.

Alitazama pembeni. "Tuende, Mwalimu," alisema, kwa sauti ya chini, karibu ya heshima.

Mwalimu aliweka daftari lake la hatua juu ya meza, kwa ajili ya atakayekuja. Akachukua uma. Akatoka.

Stesheni ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakingoja treni za kuwapeleka kwao, huko ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Walingoja majuma, wengine miezi, chini ya mashuka na mapande ya plastiki, mvua ikiwanyeshea. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara na walizikwa karibu na reli. Mama yangu, ambaye hakuongea na baba juu ya jambo lile hata mara moja, alitupeleka Jumapili moja baada ya misa, mimi na Monika, na sufuria ya sombe, kisamvu chetu.

Tulimkuta Mwalimu nyuma ya behewa bovu. Alikuwa amesimamisha watoto kwa mstari, mgongo kwenye behewa, jicho moja limefunikwa, na yeye yuko upande wa pili wa reli na uma juu. Alikuwa anapima. Hakuwa na ubao wala benchi la kumkalisha mtu. Tai hakuwa nayo tena. Nikiulizwa leo nini kilinivunja moyo zaidi katika miaka ile, zaidi hata ya makaburi, nitataja mstari ule wa watoto.

Alikula sombe kidogo, akawapa watoto wake wa kuzaa iliyobaki. Kisha akamshika Monika mkono, akamtia uma mkononi, akafunga vidole vyake juu yake.

"Njo yako. Kule naenda, nitapata ingine."

Mimi alinitazama muda mrefu. Hakujua. Nilimwona usoni kwamba hajui nani aliwataja watatu.

"We unaona," alisema. "Ukiona ubao, umusomee Monika. Kila siku. Unasikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilimsomea majuma mawili. Mwalimu mpya aliturudisha kwenye mabenchi ya pointi siku ya kwanza, na wazazi walisimama mlangoni wakapiga makofi. Daftari la hatua lilichanwa karatasi, zikafungiwa karanga. Mimi nilirudi mbele. Monika alirudi nyuma, chini ya dirisha, na kutoka mbele mpaka nyuma huwezi kumnong'oneza mtu. Mwalimu huyo mpya alinipiga kofi moja kwa kugeuka, nami, niseme ukweli wote, nililipokea kofi lile kwa raha. Nilikuwa nimepata sababu.

Monika aliacha shule mwaka wa tano. Hajui kusoma. Yule msichana wa sketi ya suruali anaosha mawe ya kobalti huko Mutoshi, na nasikia haoni kabisa jicho la kushoto. Wale watatu niliowataja waliondoka na treni. Meza aliyoitaka baba yangu aliipata, ndiyo, kwa miezi minane. Kisha karakana ikafungwa, na meza ikauzwa na vyuma vingine.

*

Watu wa Kasai walirudi kidogo kidogo, miaka ikipita, wengine kufanya kazi, wengine kufanya biashara, wengine kwa sababu Kolwezi ndiyo kwao na hawakuwahi kuwa na kwingine. Tulisalimiana sokoni. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu.

Monika anauza mikate ya mafuta mbele ya nyumba yake, njia panda. Anaikaanga kwa kuinamia sufuria kiasi kwamba nyusi zimeungua, na anaigeuza kwa ule uma. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimekaa naye kwenye kigoda. Mama mmoja kijana alipita, amemshika mkono mzee aliyevaa koti refu kuliko mwili wake. Monika alikuwa anawaita wateja. Mzee alisimama.

"Sauti hii," alisema.

Monika aliinua kichwa. Hakumwona, hatua sita zile ni nyingi kwake. Lakini alikuwa ameshasimama.

"Mwalimu," alisema.

Macho ya mzee yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama ukoko wa uji. Yule mama kijana alikuwa binti yake, alikuwa ameolewa Kolwezi na alikuwa amekwenda kumchukua huko Mwene-Ditu, Kasai, baada ya mama yake kufa. Tukamkalisha. Monika akampa mkate wa moto na uma wa kuushikia, na vidole vya mzee vikaujua uma ule kabla mkate haujafika mdomoni. Akaweka mkate chini. Akainua uma juu, akamgeukia Monika.

"Meno inaangalia wapi?"

"Sione, Mwalimu."

"Na mi sione."

Wakacheka wote wawili mpaka binti yake akacheka. Mimi niliona. Yaliangalia kushoto.

Halafu akauliza lile nililojua atauliza. "Monika, ulisoma?"

"Hapana, Mwalimu. Balinirudishaka nyuma."

"Nani alikurudisha?"

Monika alichochea makaa. Uso wake ulielekea nilipokuwa, labda kwa bahati tu. "Ni ule mwalimu mwengine," alisema. "Kula, mukate inapoa."

Kwa mara ya pili katika maisha yake alikuwa na nafasi ya kusema, na kwa mara ya pili alinisitiri. Sikuweza kuvumilia tena. Nilisema jina langu. Nilisema, "Mwalimu, ni mi nilimuambiaka tata. Aliniuliza nani anaikala mbele, nikataja batatu."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Mzee aliigeuza shingo yake taratibu kunielekea.

"Balikuwa saba," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Uliona bote saba?"

"Niliona bote."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayerekebisha kazi ya mtoto na kukuta jibu ni sahihi. "Ndiyo. Macho yako ilikuwa muzuri."

Akaupapasa mkate aliouweka chini, akauokota. Angenitukana ningeshukuru. Alimaliza mkate wake, akajifuta vidole kwa koti. Alipokuwa anainuka, binti yake, mwenye mtoto shuleni kwetu, akamwambia, kwa nia njema tu, kwamba huyu mama naye ni mwalimu, tena kwenye shule ile ile, mwaka wa tatu.

"Ah," alisema Mwalimu. Akaweka koti lake sawa. "Na kwako, mbele kunaikala banani?"

Nina watoto themanini darasani. Wazazi wanachungulia mlangoni kama zamani, na mkuu wa shule anataka pointi. Miaka yote hii, kila nilipofikiria kumsimamisha mtoto ukutani na kumfunika jicho, nilisikia sauti yangu ya barazani ikihesabu mpaka tatu, nikaacha. Ningeweza kumwambia yote haya.

"Ba kwanza, Mwalimu," nilisema.

Alimrudishia Monika uma. Monika alimshika mkono upande mmoja, binti yake upande wa pili, wakamvusha njia.

Jumatatu, kabla ya kwenda shuleni, nilipita kwa Monika. Nilimwambia nataka uma. Nilimwambia leo nitawasimamisha ukutani, wote themanini, na mkuu wa shule aseme atakalo. Monika alinisikiliza mpaka mwisho. Aliinua uma mpaka karibu na jicho lake, akayatazama meno yake moja moja, akaufuta kwa kitenge.

"Hapana, dada," alisema. "Hii iko na kazi."

Akageuza mkate.